Kiangazi kinapoisha Bukavu, huzuni inatoka wapi?

«Daktari, ninaishi Kadutu, hapa Bukavu, pamoja na mume wangu na watoto wetu wanne, na kazi yangu ni kushona. Kuanzia Juni hadi Agosti mimi ni mtu mwingine: watoto wako likizoni, harusi ni nyingi, vitenge vinajaa mezani, shangazi na binamu zangu wanakuja kutoka Uvira na Kinshasa, na jioni tunakaa nje hadi usiku. Ikifika wiki ya mwisho ya Agosti, moyo unaanza kushuka hata kabla ya mvua. Wageni wanaondoka, fedha zote zinaishia katika minervali (karo ya shule) na madaftari, kazi inapungua, na mvua ikipiga mabati usiku silali, kwa sababu nyumba yetu iko kwenye mteremko. Oktoba, mwezi ambao mama yangu alifariki miaka sita iliyopita, ndio mbaya kuliko yote. Ninashona, ninapika, ninacheka na wateja, lakini ndani mna uzito unaokaa hadi karibu na Noeli. Mdogo wangu anayeishi Liège, Ubelgiji, ameniambia kwamba ni ule ugonjwa wa huzuni ya majira ya baridi, na kwamba ninunue taa maalumu. Mama mmoja wa shirika letu la kanisani anasema ni kukosa shukrani kwa Mungu. Je, ni ugonjwa? Taa itanisaidia? Na nifanyeje ili niipende pia miezi mingine, badala ya kuishi nikisubiri Juni?»

Mama mpendwa, nimeisoma barua yako zaidi ya mara moja, kwa sababu imeandikwa na mtu anayejitazama kwa makini. Umeuliza maswali matatu, nami nitayajibu yote, lakini nadhani chini yake kuna hofu ambayo hukuiandika waziwazi, yaani kwamba kuna kitu kilichoharibika ndani yako, kwa kuwa majirani zako wananyeshewa na mvua ileile nao hawaonekani kushuka moyo. Acha nianze na hofu hiyo. Katika yote uliyoyaeleza sioni akili iliyoharibika. Ninaona mwanamke ambaye, katika majuma machache kati ya mwisho wa Agosti na katikati ya Septemba, anaondokewa kwa mpigo na wageni, kazi, fedha, mazungumzo ya jioni na usingizi, kisha akiwa bado hajapata nafuu anaingia katika mwezi wa kifo cha mama yake. Jirani ambaye kipato chake hakitegemei harusi, ambaye nyumba yake iko mahali tambarare na ambaye mama yake bado yu hai, anaiona mvua ileile lakini hapotezi unayoyapoteza wewe.

Mdogo wako hakukudanganya. Ugonjwa anaoutaja upo, nao ulielezwa kitaalamu mwaka 1984 na Norman Rosenthal na wenzake katika taasisi ya taifa ya utafiti wa afya ya akili ya Marekani. Rosenthal mwenyewe alikulia Afrika Kusini, na ni baada ya kuhamia New York ndipo alipoona jinsi majira ya baridi ya kaskazini yalivyompunguzia nguvu. Ndani ya jicho kuna chembe ambazo kazi yake kubwa ni kupima mwanga, nazo hupeleka habari kwenye sehemu ndogo ya ubongo inayoongoza saa ya mwili: lini tulale, lini tuamke, lini mwili utoe homoni ya usiku iitwayo melatonini. Kule Liège, mchana wa Desemba huwa na takriban saa 8 tu, ilhali ule wa Juni hupita saa 16. Mtu huamka gizani, huenda kazini gizani, hurudi gizani, na kwa baadhi ya watu saa ya mwili huchelewa na hali ya moyo huyumba pamoja nayo. Wengi wao hulala kupita kiasi, hutamani sana vyakula vya wanga na vitu vitamu, na hujitenga. Taa maalumu yenye nguvu ya lux 10,000 (lux ni kipimo cha mwanga), mtu akikaa mbele yake kwa nusu saa hivi kila asubuhi, huwasaidia wengi miongoni mwao, na mdogo wako huenda ameona kwa macho yake jinsi inavyosaidia.

Lakini sasa tazama anga letu. Bukavu iko karibu digrii 2 na nusu tu kusini mwa ikweta, na tofauti kati ya siku ndefu kuliko zote na siku fupi kuliko zote katika mwaka wetu mzima haifiki dakika 20. Jua letu huchomoza na kutua karibu saa zilezile Juni na Desemba. Tena kuna jambo ambalo watu wengi huku kwetu hawalijui: siku zetu fupi zaidi ziko Juni, katikati ya kiangazi unachokipenda, na siku zetu ndefu zaidi ziko Desemba, katikati ya mvua. Kama urefu wa mchana ndio ungekuwa unakuletea huzuni, ungepaswa kushuka moyo katika miezi ya harusi na kuchangamka kuelekea Noeli. Hata joto halibadiliki sana. Kwa kuwa tuko kwenye mwinuko wa mita 1,500 hivi, wastani wake hukaa karibu pale pale mwaka mzima. Na zaidi ya hayo, wewe hulali kupita kiasi, bali unakosa usingizi. Kwa hiyo jina alilokupa mdogo wako ni la ugonjwa wa kweli, ila ni ugonjwa wa latitudo nyingine, yaani wa nchi zilizo mbali na ikweta.

Hapo ninapaswa kuwa mwangalifu, kwa maana nisingependa ufikiri kwamba mwanga hauna umuhimu kabisa kwako. Msimu wa mvua haufupishi mchana, lakini unatufungia ndani. Chini ya mawingu mazito, nje huwa na mwanga wa lux elfu kadhaa, ilhali ndani ya chumba chenye dirisha dogo, hata taa ikiwaka, huwa na mia chache au pungufu. Mshonaji anayefunga mlango kwa sababu ya matope na kushona chini ya balbu tangu asubuhi hadi jioni anaweza kupitisha siku nzima katika mwanga hafifu hapahapa ikweta. Dawa yake ni rahisi na haihitaji kuagizwa kutoka Ulaya: sogeza cherehani karibu na mlango au chini ya baraza, na kila asubuhi, kabla ya saa tatu, tembea nje kwa nusu saa hata kama mbingu ni za kijivu. Asubuhi zetu nyingi za Septemba na Oktoba hazina mvua. Mara nyingi mvua huja mchana au jioni. Kuhusu taa yenyewe, jibu langu ni kwamba usiinunue. Ni ya bei kubwa, inategemea umeme ambao kwetu hukatika, na kwa mtu ambaye ana, bila kujua, ugonjwa wa hali ya moyo kupanda na kushuka mno, inaweza hata kumchochea vibaya. Fedha hizo zina kazi bora zaidi nyumbani kwako, nami nitaieleza nitakapofika kwenye suala la mteremko.

Mama wa shirika naye nadhani alikuwa na nia ya kukuinua, lakini neno lake limekuongezea mzigo wa pili, kwa sababu sasa una huzuni na pia unaona haya kwa kuwa nayo. Shukrani na huzuni hukaa katika moyo mmoja bila kufukuzana. Umewahi kuwa matangani, na umesikia watu wakimshukuru Mungu kwa maisha ya marehemu huku machozi yakiwatoka. Hakuna aliyewaambia kwamba machozi yao ni kufuru. Kujilaumu kwa kuwa na huzuni kuna madhara ninayoyaona mara kwa mara katika kazi yangu: mtu huanza kuificha, akiificha hakai tena na watu, na asipokaa na watu huzuni hukua. Umeandika kwamba unacheka na wateja huku ndani mna uzito. Kicheko hicho kinakuchosha zaidi ya kushona.

Sasa nieleze jinsi ninavyoona jambo hili linavyofanya kazi, kwa sababu ukielewa njia ambayo huzuni inapitia, utajua pa kuikatia. Katika miaka ya 1970, mwanasaikolojia wa Marekani Peter Lewinsohn alionyesha kwamba hali ya moyo hushikiliwa kwa sehemu kubwa na mambo tunayofanya kila siku ambayo yanaturudishia kitu: pongezi ya mteja, kicheko cha mgeni, kazi iliyokamilika, chakula kilicholiwa pamoja. Mambo hayo yakipungua ghafla, moyo hushuka. Moyo ukishuka, mtu hupunguza kutoka na kufanya. Akipunguza kufanya, yale machache yaliyobaki nayo hupungua, na mzunguko unaendelea kwa nguvu zake wenyewe. Ukiitazama Agosti yako kwa jicho hilo, utaona kwamba karibu kila kinachokuinua kimefungwa pamoja katika miezi 3. Harusi huleta kazi, kazi huleta fedha na sifa, likizo huwaweka watoto karibu, ukame wa barabara huwaleta jamaa, na jioni zisizo na mvua huwafanya majirani wakae nje. Kiangazi chenyewe ni hewa kavu na vumbi tu. Unacholia ni msafara wa watu na shughuli ulioondoka nacho.

Kwa nini basi unaanza kushuka kabla ya tone la kwanza? Kwa sababu ubongo hujifunza mfuatano wa mambo. Miaka kadhaa mfululizo, harufu ya madaftari mapya na mizigo ya wageni mlangoni vimefuatwa na upungufu, kwa hiyo leo ishara hizo peke yake zinatosha kuutangulizia mwili huzuni ambayo bado haijafika. Hali hiyo haikupati wewe peke yako. Wanafunzi huijua Jumapili jioni. Ina ubaya wake, kwamba inakuibia hata wiki ya mwisho ya furaha, lakini ina uzuri pia, kwa sababu kilichofundishwa kwa kurudiwa kinaweza kufundishwa upya kwa kurudiwa.

Oktoba ninaiweka kando, kwa maana ni jambo la namna nyingine. Kumbukumbu ya kifo hurudi na majira. Wakati mwingine mtu hata hajaangalia kalenda, lakini mwanga, harufu ya udongo uliolowa na nyimbo za mwezi ule humrudisha pale alipokuwa siku ya msiba. Miaka sita si muda mrefu kwa mama. Ningependa kujua kama kila Oktoba unampa mama yako nafasi, au unampita haraka ili usilie. Wengi wanaojitahidi kumpita marehemu haraka hukuta mwezi mzima umekuwa mzito, wakati siku moja iliyotengwa kwa ajili yake ingeubeba uzito huo. Panga siku hiyo mapema pamoja na ndugu zako: misa au sala kama ndiyo desturi yenu, chakula alichokipenda, masimulizi kwa wajukuu ambao hawakumjua vizuri, na simu kwa mdogo wako aliyeko Liège, ambaye naye anaomboleza akiwa mbali na hana kaburi la kuzuru. Kulia siku hiyo ni sehemu ya kazi yake.

Nakuja kwenye mvua na mteremko. Hapa sitaki kukutuliza kwa maneno matamu. Hofu ya mtu anayeishi kwenye miinuko ya Kadutu mvua inapopiga usiku ina msingi. Kuna sehemu za mji wetu, kama vile Funu, ambazo ardhi yake inajulikana kwa kuteleza, na sote tunakumbuka Mei 2023, mvua ilipoleta mafuriko Bushushu na Nyamukubi katika wilaya ya Kalehe na zaidi ya watu 400 wakapoteza maisha. Hofu kama hiyo haitibiwi kwa kujifunza kuipenda mvua. Inapungua mtu anapofanya lile lililo ndani ya uwezo wake, na zile fedha za taa ndiyo kazi ninayoziwekea: mifereji ya mabati inayokusanya maji ya paa na kuyapeleka kwenye mtaro badala ya kuyaacha yachimbe nyuma ya ukuta, kuzibua mtaro huo pamoja na majirani mwishoni mwa Agosti wakati udongo ni mkavu, na majani yenye mizizi imara au mawe pale udongo unapovunjika. Kisha mkubaliane na mumeo mtakwenda kwa nani usiku ikiwa ufa utatokea ukutani au mlango utaanza kukwama bila sababu, na ni nani atambeba mtoto yupi. Familia yenye mpango hulala vizuri zaidi kuliko familia yenye matumaini peke yake. Na kama nyufa mpya zinaonekana tayari, suala hilo limeshatoka mikononi mwa mwanasaikolojia. Zungumzeni na mkuu wa mtaa na muangalie uwezekano wa kuhama wakati wa mvua kubwa.

Usingizi utafuata kwa kiasi fulani. Usiku wa mvua, ukikaa kitandani zaidi ya nusu saa ukisikiliza mabati, inuka, kaa mahali pengine, fanya jambo dogo la mikono, urudi usingizi unapokuja. Asubuhi amka saa ileile hata kama usiku ulikuwa mbaya. Ninajua ushauri huu unaonekana mgumu katika nyumba yenye watoto wanne, lakini hata kuketi jikoni kunatosha.

Baada ya hapo ndipo kazi yenyewe ya majira inapoanza, nayo ni kuyahamisha baadhi ya mambo ya kiangazi yaingie katika miezi ya mvua. Anza na mapato, kwa sababu huzuni nyingi ya Septemba hupitia mfukoni. Sare za shule hushonwa Agosti, nguo za komunyo na za Noeli hutafutwa baadaye. Ungeweza kuchukua oda za Noeli tangu Oktoba kwa malipo ya awali kidogo, badala ya kusubiri Desemba wakati washonaji wote wameelemewa. Ukiwa katika likelemba, yaani kikundi cha kuchangiana fedha kwa zamu, omba zamu yako iangukie Septemba, mwezi ambao minervali hukukausha, badala ya Julai ambapo fedha zinaingia zenyewe. Sisemi kwamba hilo litaondoa ugumu wa maisha ya mji wetu katika miaka hii, ambayo imekuwa na mzigo mkubwa kuliko kawaida kwa kila nyumba. Ninasema kwamba pigo lililogawanywa halimwangushi mtu kama pigo moja.

Watu nao wanaweza kuhamishwa, ingawa si wote. Binamu wa Kinshasa hatakuja Novemba, lakini wale majirani mliokuwa mkikaa nao nje jioni bado wako mita 20 kutoka kwako, kila mmoja amefunga mlango wake akidhani wengine hawataki kutembelewa. Chagua alasiri moja ya juma, iwe ileile daima, na uifanye ya kwenu: wamama wawili au watatu wanakuja na kazi zao za mikono, mahindi yanachomwa au maharagi yanachambuliwa, mvua inyeshe au isinyeshe. Nasisitiza siku iwe ileile kwa sababu ukisubiri kujisikia vizuri ndipo uwaite, hutawaita. Katika huzuni ya namna hii kutenda kunatangulia na kujisikia kunafuata nyuma, mara nyingi kwa kuchelewa wiki mbili au tatu, na wengi hukata tamaa katikati ya kuchelewa huko wakidhani haikusaidia.

Sasa swali lako la tatu, ambalo kwangu ndilo zuri kuliko yote. Kiangazi chetu ni miezi 3 hivi; msimu wa mvua huchukua miezi 9. Mtu anayeishi akisubiri Juni anayatoa sehemu tatu kati ya nne za maisha yake kama nauli ya kufikia sehemu ya nne. Tena miezi hiyo 9 umeniandikia kana kwamba ni kitu kimoja cha kijivu, nayo haiko hivyo. Kama una jamaa huko vijijini Walungu au Kabare, waulize: kwao Septemba ndio mwanzo wa mwaka wa shamba, msimu wanaouita A, ambapo maharagi na mahindi hupandwa mara udongo unapolainika. Novemba milima ni ya kijani. Kuelekea Desemba na Januari maharagi mapya huingia sokoni, mvua hulegea kidogo, kisha Februari watu hupanda tena kabla ya mvua kubwa za Machi na Aprili. Hakuna mwezi unaofanana na mwingine kwa mtu mwenye hata kipande kidogo cha udongo.

Na kiangazi, kwa upande wake, si mwema kama kumbukumbu yako inavyosema. Moyo ulioshuka hukumbuka harusi na kusahau mabidoni ya maji yaliyopandishwa mlimani mabomba yalipokauka, kikohozi cha vumbi cha mtoto mdogo, bei ya mboga, na ule ukungu mkavu na moshi wa mashamba unaofunika Ziwa Kivu kwa wiki nyingi hata kisiwa cha Idjwi kisionekane. Ni mvua inayoisafisha hewa. Simama mahali pa juu asubuhi baada ya usiku wa mvua ya Oktoba, nawe utauona mlima Kahuzi umesimama wazi kama haukuwahi kufichwa, na ziwa lina rangi ambayo Julai haiijui. Sikuambii haya ili uache kupenda kiangazi. Endelea kukipenda. Nakuambia kwa sababu ulinganisho wako hauna haki: unachukua siku bora za msimu mmoja na kuziweka kando ya siku mbaya za mwingine.

Kuupenda msimu hakuji kwa kujiamuru. Huja kwa kuwa na jambo ambalo ni la msimu huo peke yake, ambalo ukilikosa utalingoja mwaka mzima. Kwa hiyo nakuomba utafute jambo moja la kila kipande cha mwaka, nalo liwe la kufanya, si la kutazama tu. Septemba, pandeni pamoja na watoto mboga za lengalenga na maharagi machache katika gunia la udongo au nyuma ya nyumba kama mteremko unaruhusu. Jambo hilo litakufanya uingoje mvua ya kwanza badala ya kuiogopa, na watoto wako watakuwa na kitu cha kuangalia kila watokapo shuleni. Oktoba ni ya mama yako. Novemba iwe ya nguo za Noeli, na ningeshauri moja uishone kwa ajili yako. Januari mwende kwa jamaa wa kijijini maharagi yanapovunwa, hata kwa siku moja, kwa kuwa umezoea kuwapokea jamaa kiangazi na labda hujawahi kuwatembelea wao wakati wa mavuno. Mengine utayajua wewe kuliko mimi.

Mwaka wa kwanza usitarajie furaha ya Julai. Kama uzito uliokuwa ukikaa hadi Noeli utalegea katikati ya Novemba, hayo ni mafanikio makubwa. Na Agosti ijayo, badala ya kuhesabu siku zinazobaki, mpeni mwisho wa likizo heshima yake: mlo wa kuagana na wageni, samaki wadogo wa sambaza na bugali, kila mmoja akisema atakachokumbuka. Kuaga vizuri huacha kidonda kidogo kuliko kuondokewa kimyakimya.

Kuhusu dawa, nitakuwa mkweli kwa pande zote. Dawa za sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito, hufanya kazi kwa wanaozihitaji, lakini huchukua wiki kadhaa kabla ya kusaidia, zinahitaji kufuatiliwa na daktari, na kwa unavyonieleza sasa sioni kwamba ndizo za kuanzia. Ninachokuomba kwa nguvu ni kutonunua dawa za usingizi kama diazepamu katika famasi ya mtaani, hata jirani akikusifia; huleta usingizi wa siku chache, kisha mwili huzizoea na kuziacha huwa kazi ngumu. Pombe ya jioni nayo hukatiza usingizi wa alfajiri na kuongeza huzuni ya kesho yake.

Kuna mambo ambayo barua haiwezi kuyaamua. Huzuni ya kawaida ya majira huja na kuondoka ndani ya siku, na kicheko cha kweli hupenya katikati yake. Lakini ikiwa kwa wiki 2 mfululizo, karibu siku nzima na karibu kila siku, unakosa furaha hata katika yale unayoyapenda, au unashindwa kushona na kupika, au chakula hakishuki na unapungua mwili, au unajiona huna thamani, basi hiyo inaweza kuwa sonona, ambayo ni ugonjwa, inatibika, na haingoji Noeli. Ikiwa wazo la kufa au kujiumiza litakujia, hata mara moja, mwambie mumeo au mtu unayemwamini siku hiyohiyo na uende hospitali bila kungoja miadi. Asikuache peke yako hadi umeonwa.

Hata kama dalili ni nyepesi, pita kwanza kwenye kituo cha afya kwa ajili ya mwili. Upungufu wa damu na malaria isiyotibiwa vizuri huchosha mtu kwa namna inayofanana na huzuni. Vivyo hivyo tezi ya shingo inayofanya kazi polepole, jambo ambalo eneo letu, hasa Idjwi, limelijua tangu zamani kwa sababu ya upungufu wa iodini. Ukiwa na uvimbe shingoni, ukisikia baridi wakati wengine hawaisikii, au ukinenepa bila kula zaidi, mwambie muuguzi.

Kwa msaada wa nafsi, hospitali kubwa za mji zinaweza kukuelekeza kwa mwanasaikolojia, na Bukavu tuna kituo cha afya ya akili cha Sosame, kinachoendeshwa na watawa wa Frères de la Charité. Najua jinsi watu wanavyolitamka jina hilo mtaani, kana kwamba ni mahali pa waliopotewa na akili peke yao. Ni mahali pa kutibiwa huzuni na kukosa usingizi pia, na mtu huenda, huzungumza na mtaalamu, hurudi nyumbani kwake kupika. Ukienda, usianze kwa kusema kwamba una ugonjwa wa majira ya baridi. Waeleze kama ulivyonieleza mimi: inaanza lini, nini kinaondoka wakati huo, unalala saa ngapi, na kwamba mama yako alifariki Oktoba. Mumeo aende pamoja nawe mara ya kwanza, maana yeye huiona Septemba yako kutoka nje na anaweza kuwa na jambo la kusema ambalo wewe huwezi kuliona.